Meza ya ruta ya kujitengenezea: ruta ifungwe kwenye pleti, chini ya ubao moja kwa moja, au juu ya jeki?

#1 MfupaWaMninga

Wakuu, habari za humu. Nataka kutengeneza meza ya ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, yaani biti) kwa ajili ya milango ya kabati za jikoni, fremu na paneli. Vifaa nilivyonavyo:

Ruta ni Makita 3612, ile ya kubonyeza (mwili unapanda na kushuka juu ya kitako chake), koleti (kibanio cha biti) ya mm 12, haina kidhibiti cha kasi. Uso wa meza nimepanga sm 80 kwa 60, MDF mbili za mm 18 zikibandikwa pamoja ziwe mm 36. Mbao ni mninga na mkongo, msindano mara chache. Karakana iko Keko, Dar, bati juu, dari hakuna.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza, kuchimba MDF kwa chini na kufunga ruta humo humo. Ya pili, pleti (bamba) inayokaa kwenye ribeti (ngazi iliyochongwa kuzunguka tundu) katikati ya meza, ruta inaning'inia chini yake. Ya tatu ni hiyo hiyo pleti, ila nakata perspeksi (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya mm 10 kwa sababu ninacho kipande na inaonyesha biti ilipo.

Ipi haitapinda, na ipi itaniruhusu kubadili biti bila kulala chini ya meza? Naomba namba, jibu la "inategemea" ninalo tayari.

#2 NatiNaBolti

Namba hizi hapa, Mkuu. Pleti kutopinda kunatokana na malighafi na unene, ila unene unazidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ndiyo maana milimita moja inabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme aluminiamu ya mm 6 ni 100, kwa ukubwa ule ule wa pleti:

Aluminiamu mm 5: 58
Chuma mm 5: 168
Perspeksi mm 10: 20
Perspeksi mm 12: 35
Polikaboneti mm 10: 16
MDF iliyobaki mm 10 baada ya kuchimba: 20
Plaiwudi nzuri iliyobaki mm 10: 54

Ni makadirio, plaiwudi hasa inatofautiana bao kwa bao, lakini mpangilio haubadiliki. Perspeksi yako ya mm 10 ina moja ya tano ya ukakamavu wa aluminiamu ya mm 6, na hapo ni siku ya kwanza. Plastiki ikibeba kilo sita mchana na usiku, chini ya bati la Keko mwezi wa pili, inalegea taratibu na hairudi. Miezi michache baadaye ukiweka rula ya chuma juu yake unaona mwanga katikati. Pleti ikibonyea katikati, ubao mrefu unapita sawa kwa kuwa umeegemea pande zote mbili, ila kipande kifupi kinazama. Matokeo yake reli fupi za mlango (mbao za kulala) zinakatwa kina tofauti na stailiza ndefu (mbao za kusimama), maungio hayakutani, na fundi anaanza kuilaumu biti.

Chuma cha mm 5 ni kigumu kuliko vyote hapo, ila pleti ya mm 300 kwa 240 inafika kilo 2.8 dhidi ya 1.2 ya aluminiamu ya mm 6. Na kwa unyevu wa Dar, chuma kisichopakwa kitu kinaota kutu ndani ya wiki na kutu hiyo inahamia kwenye mbao.

Kwa hiyo: aluminiamu, mm 6, mm 300 kwa 240. Usishuke mm 5 kwa sababu ya bei. Mafundi wa Gerezani wanakukatia kwa kipimo, ila kagua ubapa pale pale kwa rula kabla ya kulipa. Kipande kilichokatwa kwa mkasi mkubwa mara nyingi kimejipinda kwenye kingo.

#3 Chengachenga

NatiNaBolti umepiga hesabu vizuri, ila umesahau upana wa tundu. Ukakamavu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbali kati ya sehemu zinazobeba, nao unaingia kwa mraba. Pleti yako inavuka tundu la sm 24 hivi. Anayechimba ubao kwa chini anachimba duara la ukubwa wa besi (kitako cha ruta) tu, sm 18. Kumi na nane kwa ishirini na nne ni robo tatu, mraba wake ni 0.56. Gawa 54 ya plaiwudi kwa 0.56, unapata 96. Yaani plaiwudi iliyobaki mm 10 kwenye shimo la sm 18 inapinda karibu sawa na aluminiamu yako.

Na hapo hakuna ribeti, hakuna skrubu za kusawazisha, hakuna ukingo wa pleti wa kukwaza kipande cha kazi. Uso ni mmoja, bapa mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye ruta moja anayoiacha mezani daima hana sababu ya kukata tundu la mstatili katikati ya uso alioupatia ubapa kwa taabu.

Ila iwe plaiwudi, si MDF. Hapo tunakubaliana.

#4 NatiNaBolti

Hesabu yako imekaa sawa, Chengachenga, na mtu akiwa na plaiwudi ya tabaka nyingi isiyo na mapengo ndani, njia hiyo inafanya kazi. Matatizo yake yako kwingine.

Skrubu za besi zinapita kwenye mbao ya mm 10 na vichwa vyake vimezama mm 3 au 4. Zinabaki mm 6 za mbao chini ya kichwa. Mtikisiko wa ruta unazikandamiza, kichwa kinazidi kuzama, skrubu inalegea. Unakaza tena, inazama tena. Suluhisho ni kuweka washa za koni za shaba chini ya vichwa, lakini ni wachache wanaokumbuka.

Pili, sakafu ya shimo lazima iwe bapa kabisa. Ikiwa na mteremko wa nusu milimita kwenye sm 18, biti imeinama, na paneli zote zitakuwa na kovu upande mmoja.

Tatu ndilo jibu la swali la mwenye uzi: biti inabadilishwaje? Ruta iliyofungwa kwenye ubao haitoki. MfupaWaMninga, fanya hivi leo kabla hujanunua chochote. Chomoa ruta kwenye umeme, igeuze, fungua ile besi nyeusi ya plastiki, bonyeza ruta hadi mwisho wa safari yake uifunge, kisha pima kutoka uso wa besi ya chuma hadi nati ya koleti. Ukiongeza unene wa kile kitakachobaki juu yake, unajua nati itakuwa chini kiasi gani ya uso wa meza. Ikizidi mm 10, spana iliyonyooka haifiki na itabidi upinde ya kwako au uinunue iliyopinda. Kwa pleti, hata spana isipofika, unainua pleti nzima na ruta yake, unalaza juu ya meza, unabadili kwa starehe.

#5 DadaRanda

Naomba nirudishe mjadala kwenye biti, maana mwenye uzi ametaja paneli na 3612 isiyo na kidhibiti cha kasi. Hilo linaathiri jinsi ya kuifunga.

Biti ya paneli ya kulala, ile ambayo paneli inapita ikiwa imelala mezani, ina kipenyo cha mm 80 hivi. Ruta inazunguka karibu mara 22,000 kwa dakika. Ncha ya kisu hapo inakwenda mita 92 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Biti nyingi za ukubwa huo zimechongwa kwenye shina kikomo cha 12,000. Soma namba hiyo, haipo pale kwa mapambo. Kwenye 12,000 ncha inakwenda mita 50 kwa sekunde, na hapo ndipo panafaa.

Kwa hiyo una njia mbili. Moja ni kidhibiti cha nje. 3612 isiyo na elektroniki ina mota ya brashi ya kawaida, inakubali kidhibiti cha aina ya dima ya wati 2,000 kwenda juu. Ila nguvu inashuka pamoja na kasi, hivyo unakata kidogo kidogo zaidi. Ruta yenye kidhibiti chake ndani, kama RP2300FC ya 9,000 hadi 22,000, usiiunganishe na dima. Utaharibu kadi yake.

Nyingine, ambayo ndiyo ningeichagua, ni biti ya paneli ya kusimama. Kipenyo chake ni mm 38 hivi, kwenye 22,000 ncha inakwenda mita 44 kwa sekunde. Paneli unaipitisha ikiwa imesimama wima dhidi ya fensi (ukuta wa kuongozea ubao), kwa hiyo fensi iwe na kimo cha mm 150 hadi 200 na iwe ya pembe mraba kamili na meza. Biti za fremu, zile za reli na stailiza, zina mm 41 hivi na zinakwenda mita 47 kwa sekunde kwenye kasi hiyo. Nazo soma shina kwanza, wapo wanaoandika 18,000.

Sasa tundu. Watu wanakata tundu la mm 90 kwenye pleti wakidhani biti ya mm 80 itazama chini ya meza. Haitazama, kwa sababu tundu la besi yenyewe ya ruta ni dogo kuliko hapo. Biti kubwa inabaki juu ya besi na inawekwa kutokea juu. Pima tundu la besi kwanza. Ukitumia biti ya kusimama, tundu la mm 50 kwenye pleti linatosha, na biti ndogo zitahitaji pete ya kupunguzia. Kanuni ni nafasi ya mm 3 kila upande wa biti. Ikizidi sana, kichwa cha kipande kifupi kinadumbukia na kisu kinakidaka.

#6 MfupaWaMninga

Nimepima. Ruta ikiwa imebonyezwa mwisho, nati ya koleti iko mm 4 chini ya uso wa besi ya chuma. Ukiongeza pleti ya mm 6, jumla ni mm 10. Kwa hiyo spana ipo mpakani.

DadaRanda nimekusoma, nakwenda na biti ya kusimama.

Swali la jeki sasa. Kurekebisha kina kutokea chini ni mateso, ruta inasukumwa na springi zake. Nimeona watu wanatumia jeki ya mkasi ya gari. Vipi?

#7 Chengachenga

Jeki ya mkasi inafanya kazi, ila ujue tabia yake. Ikiwa chini kabisa, mzunguko mmoja wa mpini unainua sana. Kadiri inavyopanda, mzunguko ule ule unainua kidogo. Kwa hiyo huwezi kusema "robo mzunguko ni nusu milimita" ukategemea kesho iwe hivyo hivyo. Lazima upime kwa venia au kwa kipande cha mbao kila mara. Faida yake ni kwamba inanyanyua haraka, na ukiweka ubao chini yake unachagua ifanye kazi kwenye sehemu ya juu ya safari, ambako ni laini zaidi.

Mimi naona fimbo ya nyuzi (fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti) ni bora kwa kazi ya kabati. M10 ya kawaida ina hatua ya mm 1.5 kwa mzunguko. M8 ni 1.25. Robo mzunguko wa M8 ni mm 0.3, na hiyo ni sawa juu, sawa chini. Nati ndefu unaifunga kwenye ubao mgumu wa mkongo ulio chini ya ruta, fimbo inapanda na kusukuma kichwa cha ruta kupitia kibao chenye shimo katikati ili kisizibe matundu ya hewa. Nchani weka nati mbili zilizobanana na washa, isichimbe plastiki.

Jeki iwe ya aina yoyote, kazi yake ni kusukuma tu. Anayebeba ruta wakati wa kukata ni kifungio cha kina cha ruta yenyewe. Ukirekebisha, funga. Watu wanaoacha jeki ibebe peke yake ndio wanaolalamika kwamba kina kimebadilika katikati ya ubao.

#8 Mshumaa

Na springi je? Zitolewe au zibaki? Ruta ikiwa imepinduliwa, springi inasukuma mwili wake kwenda chini, yaani upande ule ule wa uzito. Wengine wanasema zibaki ili kuondoa mchezo (ulegevu) kwenye nyuzi.

#9 NatiNaBolti

Ziondoke. Kilo sita za ruta zinatosha kabisa kuondoa mchezo kwenye nyuzi, kwa hiyo springi hapo ni mzigo wa bure kwa mkono na kwa fimbo. Lakini tahadhari mbili. Springi imekandamizwa ndani. Ukifungua bila kushikilia, inaruka na chochote kilicho mbele yake. Legeza taratibu ruta ikiwa imepanda hadi mwisho, ambako springi imelegea zaidi, ukiwa umeelekeza mbali na uso. Pili, bila springi, ukilegeza kifungio na hakuna jeki chini, ruta inaporomoka. Weka kizuizi.

Zihifadhi kwenye mfuko wenye jina. Siku ukitaka kuitumia ruta kwa mkono utazihitaji.

#10 UmemeUmerudi

Mmezungumza chuma na mbao, hakuna aliyegusa swichi, na hapa kwetu ndiyo inayokata vidole.

Ruta ya mkono ina swichi ya kubonyeza yenye kitufe cha kuishikilia. Ikifungwa chini ya meza, mtu anaishikilia daima, wengine kwa kamba ya plastiki, kisha anawasha na kuzima ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaacha kila kitu, unainama kubadili biti au kufuta vumbi. Umeme unarudi. Ruta inawaka na mkono uko hapo.

Dawa ni kontakta, swichi inayovutwa na koili ya umeme. Ya ampia 12, koili ya volti 230. Kitufe cha kijani kinachorudi chenyewe ukikiachia na kitufe chekundu cha kuzimia. Laini inapita kwenye kitufe chekundu, kisha kwenye cha kijani, kisha kwenye A1 ya koili. A2 inakwenda nyutro. Mguso msaidizi wa kontakta, 13 na 14, unauunganisha sambamba na kitufe cha kijani ili kontakta ijishikilie. Umeme ukikatika, inaachia, na haishiki tena hadi ubonyeze. Kwenye njia kuu, kontakta iwe inakata laini na nyutro zote mbili. Kama boksi ni la chuma, lipewe ethi. Zipo pia swichi za mashine zilizo tayari zenye kazi hiyo hiyo. Jaribu hivi: washa ruta bila biti, chomoa plagi, rudisha. Ikiwaka yenyewe, uliyonunua siyo. Kitufe chekundu kikae mbele, usawa wa goti au paja, ukizime bila kuachia ubao kwa mikono miwili.

Waya: ruta hii inavuta ampia 7 hivi, na zaidi inapoanza kwa sababu haina kianzio laini. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa mm² 0.75 inapoteza karibu volti 11 kwenye mzigo huo. Ya mm² 1.5 inapoteza karibu 5.5. Na ikunjue yote. Iliyobaki kwenye kibiringo inapata joto na kuyeyusha ganda.

#11 Vumbi

Ongezeko dogo kuhusu hewa. Feni ya ruta inavuta hewa upande wa mkia na kuipulizia upande wa biti. Ikipinduliwa, mkia uko chini, ndani ya boksi ambako vumbi linaanguka. Watu wanaoziba boksi pande zote ili vumbi lisitoke wanaipa ruta hewa ile ile ya moto yenye vumbi, na brashi za kaboni zinakwisha mapema. Acha tundu la kuingizia hewa la mm 60 hadi 80 chini ya mlango wa boksi, upande wa mbele, na bomba la kuvuta vumbi lishike nyuma ya fensi. Huko ndiko vumbi jingi linakotokea. Ukiwa na kifyonzi kimoja tu, kiweke kwenye fensi, siyo kwenye boksi.

#12 MfupaWaMninga

Asanteni sana. Nimeamua aluminiamu mm 6 na fimbo ya M10. Sasa hatua za kufunga. Kuna mpangilio wa kufuata? Naogopa kuharibu ribeti.

#13 NatiNaBolti

Mpangilio upo na ndio wenye siri yote.

Uso kwanza. MDF yako ya mm 36 itafaa ukishatumia pleti, maana sasa haibebi ruta kwenye sehemu iliyochimbwa. Bandika fomaika juu na chini. Ukibandika juu tu, unyevu unaingia upande mmoja na uso unajikunja. Kingo zote, pamoja na kingo za tundu, zipake vanishi au gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara mbili. MDF ikinywa maji ukingoni inavimba na haisawazishwi tena.

Pleti. Toa besi ya plastiki ya ruta, ibandike kwenye pleti kwa tepu ya pande mbili, itumie kama kiolezo cha matundu. Kwanza tazama kifungio cha kina kitaelekea wapi, kiwe upande utakaofikia kwa mkono. Skrubu za asili zitakuwa fupi. Urefu unaotakiwa ni ule wa asili, toa unene wa besi ya plastiki, ongeza mm 6. Vichwa vizame nusu milimita chini ya uso. Paka gundi ya nyuzi ya bluu, kwani washa ya springi haikai chini ya kichwa cha koni na mtikisiko hapa ni mwingi.

Ribeti. Weka pleti mahali pake juu ya meza, izungushie mbao nne zilizonyooka zikibanwa kwa klampu au tepu ya pande mbili, ziiguse bila kuibana. Weka kipande kimoja cha karatasi ya kawaida upande mmoja wa urefu na mmoja wa upana, ndiyo nafasi ya kuingilia. Toa pleti. Tumia ruta nyingine, hata ndogo, na biti ya mm 12 yenye beringi kwenye shina. Kina kiwe mm 6.5, kwa pasi tatu. Kingo ya kubebea iwe ya mm 12. Pembe zitatoka na mviringo wa nusu kipenyo cha mm 6, kwa hiyo piga tupa pembe za pleti zifuate. Watu wengi wanafanya kinyume, wanatoboa tundu la katikati kwanza kwa jigso. Ruta basi haina pa kuegemea, inayumba, na ribeti inatoka na mawimbi. Chimba ribeti ubao ukiwa mzima, kisha ndipo ukate katikati.

Kusawazisha. Toboa matundu manane kwenye pleti, kila pembe na katikati ya kila upande, kwa drili ya mm 5.0, piga tepu ya M6. Ingiza skrubu zisizo na kichwa za urefu wa mm 6 za kuzungushwa kwa alen. Zinasukuma kingo ya ribeti na kuinua pleti. Chini ya kila skrubu gundisha washa ya chuma kwa epoksi, imezamishwa, la sivyo skrubu inachimba MDF na kila wiki unasawazisha upya. Kisha skrubu mbili za M6 za kushusha pleti, kwenye pembe zinazotazamana, zikishika nati za meno zilizopigwa chini ya kingo.

Rula ya chuma na karatasi ya gramu 80, ambayo unene wake ni mm 0.1, zinatosha kupimia. Kwa kuwa kazi inakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, ukingo wa kulia wa pleti usiwe juu ya meza hata kidogo, na ukingo wa kushoto usiwe chini ya meza. Kinyume cha hapo ubao utakwama ukiingia au ukitoka.

#14 DadaRanda

Kwa wanaosoma kimya: kulia kwenda kushoto ni kwa sababu ruta imepinduliwa, biti inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Ukisukuma upande mwingine, biti inanyakua ubao na kuurusha. Na ubao usipite kati ya biti na fensi. Biti iwe imefichwa ndani ya fensi sehemu yake, ubao upite mbele yake.

Kwa kazi ya beringi bila fensi, toboa na tundu la pini ya kuanzia (ya kuegemezea ubao unapoanza kukata), mm 8, karibu mm 50 kutoka biti. Mkongo ni mgumu, pasi ya mm 3 inatosha. Pasi ya mwisho iwe ya nusu milimita, ndiyo inayoondoa alama za kuungua.

Aluminiamu isiyopakwa rangi inaacha weusi kwenye msindano. Sugua mshumaa au nta ya fanicha. Usitumie silikoni ya kupuliza, vanishi haitashika kwenye mbao iliyoigusa.

#15 Mshumaa

Na biti isiingizwe hadi ikagusa chini ya koleti. Ukikaza, koleti inaivuta biti kidogo kwenda chini. Ikiwa imeshagusa, haina pa kwenda, unadhani imebana kumbe haijabana. Izamishe, irudishe mm 2 au 3, kaza. Shina liingie angalau mm 20.

#16 MfupaWaMninga

Muhtasari wa nitakachopeleka kwa fundi wa kukata: pleti aluminiamu 300 kwa 240 kwa 6. Tundu la biti 50. Tundu la meza baada ya ribeti 276 kwa 216. Ruta katikati, vishikio vikielekea upande wa mm 300. Biti iwe sm 28 kutoka ukingo wa mbele. Kuna kilichosahaulika?

#17 Chengachenga

Kimoja, Mkuu, na ni bora ukione kabla ya aluminiamu kukatwa. Pima ruta kutoka ncha ya kishikio kimoja hadi ncha ya kingine. Ikizidi mm 276, pleti haitainuka, ruta itakwama chini ya meza na faida yote ya pleti imekwenda. Kishikio chenye swichi hutaki kukitoa. Usiongeze ukubwa wa pleti, maana upana unaingia kwa mraba kama nilivyosema juu. Izungushe ruta ikae kwa ulalo wa pembe kwa pembe. Ulalo wa tundu lako ni mm 350, ukiondoa unene wa vishikio hesabu 310 hivi. Amua ulalo huo kwanza ukiwa umeshika ruta mkononi, tazama kifungio kinaangukia wapi, ndipo uweke alama za matundu ya skrubu.

#18 MfupaWaMninga

Nimepima, haipiti kwa mnyoofu. Inapita kwa ulalo, kifungio kinakaa mbele kushoto. Matundu nayaweka alama upya.